Mti wa Shimba Hills na saratani ya matiti
Je, mkazi wa Mji wa Kale, wajua kuwa ng'ambo ya Likoni, huko Shimba Hills, kuna mti uliosakwa na watafiti wa saratani?

Mwaka 1972, mwanakemia Morris Kupchan wa Marekani alitangaza maitansini, kemikali iliyotolewa katika mti wa jamii hiyo kutoka Ethiopia. Baadaye zaidi ya kilo 27,000 za mti wa Shimba zilivunwa. Lakini dawa iliwadhuru wagonjwa, ikaachwa. Kupchan alifariki mwaka 1976.

Wanakemia wengine waliibadilisha, wakaiunganisha na kingamwili inayoifikisha ndani ya seli za saratani. Mwaka 2013 Marekani iliidhinisha Kadcyla kwa aina moja ya saratani ya matiti.

Basi usichemshe mizizi hiyo, ni sumu. Ukihisi uvimbe kwenye titi, wahi hospitali.