Boriti Ndiyo Iliyopima Chumba

Ukitoka Garsen ukashika barabara ya Lamu, kisha Witu ukakata kuelekea Kipini, unafika pale Mto Tana unapoingia baharini. Karibu na hapo, ufuoni, yapo magofu ya Ungwana, mji wa mawe uliohamwa yapata miaka 400 iliyopita. James Kirkman, mwanaakiolojia aliyefukua magofu ya Gedi, alichimba Ungwana pia, na mwaka 1966 akachapisha kitabu kizima juu ya mji huu. Anayeingia katika magofu ya mwambao wetu huuliza swali lilelile: watu waliomudu kujenga kwa mawe na kupakulia chakula katika vyombo vya kauri kutoka Uchina, mbona waliishi katika vyumba vyembamba hivi?

Jibu limo kwenye mikoko. Chumba cha nyumba ya kale ya mawe kina upana wa mita 2.5 hadi 3 hivi, hata kama urefu wake ni mara mbili au tatu ya hapo. Upana huo hakuuchagua mwenye nyumba. Wakataji wa mikoko huipanga miti yao kwa unene: fito, pau, mazio, boriti, nguzo, hadi banaa. Boriti, yenye unene wa sentimita 11 hadi 14 hivi, ni ngumu na mchwa huitafuna kwa shida, ndiyo maana ilibeba dari. Na dari lenyewe ni zito mno: juu ya boriti hupangwa vibamba vya mawe, kisha kokoto na chokaa, tabaka juu ya tabaka, zikashindiliwa mpaka zikashikana. Boriti ikirefushwa kupita kipimo chake hupinda katikati, dari likapasuka, mvua ikapata njia. Hata msikiti haukusamehewa. Ili kupanua ukumbi wa sala mafundi walilazimika kusimamisha safu za nguzo za mawe, na katika msikiti mkuu wa Gedi safu ya kati inasimama mbele ya mihrabu.

Kwa kuwa chumba hakikuweza kutanuka, mafundi waliongeza chumba nyuma ya chumba. Hapa ndipo ninapowavulia kofia. Katika nyumba za Lamu za karne ya 18, ambazo bado tunaweza kuzikagua dari zikiwa juu, mgeni huishia dakani, kwenye viti vya mawe. Aliyeruhusiwa hupita hadi kiwandani, uwanja wa ndani ulio wazi juu. Kutoka hapo vyumba vinafuatana sambamba: msana wa tini na msana wa yuu, yaani ukumbi wa chini na wa juu, halafu ndani, chumba cha wenyewe. Kila hatua sakafu hupanda kidogo na mwanga hupungua, kwa sababu kuta za nje hazina madirisha ya maana na nuru yote hutoka kiwandani. Ukuta wa mwisho umejaa zidaka, vishubaka vilivyonakshiwa kwa lipu, vikilidanganya jicho kwamba chumba kinaendelea. Ufinyu wa boriti umegeuzwa kuwa daraja za sitara.

Linganisha na kwingineko: katika muongo wa 1590, Ungwana ikikaribia mwisho wake, bibi mmoja tajiri wa Uingereza, Bess wa Hardwick, alijijengea kasri shambani lililosifika kwa madirisha makubwa ya kioo, lenye ukumbi wa karibu mita 50. Huko kulikuwa na miti ya mwaloni yenye mihimili mirefu, na jua hafifu ambalo watu walilitafuta. Tajiri wa huko alionyesha mali yake kwa nje. Wa kwetu aliificha, akawaonyesha aliowapenda.

Nyuma ya pwani, kwenye malisho ya Tana, akina mama wa Kiorma walilitatua tatizo la upana kwa njia nyingine kabisa. Wao hupinda fito mbichi hadi zikakutana juu, wakafunika kwa nyasi na mikeka. Tao halihitaji boriti, na paa jepesi halina cha kulivunja. Wahandisi hujifunza kanuni hiyohiyo vyuoni.

Ninachokiogopa leo ni saruji. Ukuta wa matumbawe hunyonya unyevu, na chokaa huuacha utoke. Saruji huuziba. Maji yakibaki ndani, ncha za boriti zilizopachikwa ukutani huoza bila mtu kujua, mpaka siku dari linaposhuka. Anayetaka kukarabati nyumba ya kale atafute kwanza fundi anayejua kuchoma chokaa na kuisubiri iive. Na magofuni, miti iliyoota juu ya kuta ikatwe shina tu. Mzizi uliokwisha kupenya ukivutwa kwa nguvu hutoka na mawe yake.