Advansi, Arubuni na Muhuri wa Wino wa Buluu

"Wakili, nilitoa advansi, na mwenye duka kasema advansi hairudi; sasa nifanyeje?" Swali hili, ambalo huletwa kwangu na watu wa kila tabaka, aghalabu wakiwa wameshika stakabadhi iliyokunjwa mara nne, lina ila moja kubwa, nayo ni kwamba muulizaji amekwisha kumkubalia mwenye duka nusu ya hoja yake kabla hajaketi: ya kuwa fedha hupata hukumu yake kutokana na jina ililopewa siku ilipotolewa.

Stakabadhi zenyewe, hapa Kariakoo, Dar es Salaam, zinafanana kuanzia Mtaa wa Kongo hadi Msimbazi: karatasi nyembamba ya kitabu cha nakala mbili, kiasi kimeandikwa kwa kalamu, tarehe ya kukabidhi mali haipo, na chini kabisa muhuri wa wino wa buluu usemao "Advansi hairudishwi". Muhuri huo, ambao mchonga mihuri yeyote wa kando ya barabara humchongea mwenye kulipa bila ya kumdai idhini ya hakimu wala ya Bunge, umewanyamazisha watu wazima wenye elimu zao, nami sijaacha kustaajabu. Sharti lisilotajwa wakati wa kupatana, likaja kugongwa juu ya karatasi baada ya fedha kupokewa, si sehemu ya mapatano. Na hata lingetajwa, halimpi mvunja ahadi ruhusa ya kuchuma kwa kosa lake mwenyewe.

Katika soko letu neno advansi limezifunika fedha za namna mbili. Ya kwanza ni arubuni hasa, dhamana anayoiweka mnunuzi ili ajulikane kuwa hafanyi mzaha. Ya pili ni sehemu ya bei iliyotangulizwa tu, kama zile fedha anazopewa fundi akanunulie kitambaa. Sheria yetu ya Mikataba, Sura ya 345, imerithi kiwiliwili chake kutoka sheria ya India ya mwaka 1872, na katika shauri lililotoka India, la Chiranjit Singh na Har Swarup, mwaka 1926 Baraza la Mfalme la rufaa mjini London lilieleza kwamba arubuni huhesabiwa ndani ya bei biashara ikitimia, na hupotea biashara ikivunjika kwa kosa la mnunuzi. Kwa kosa la mnunuzi! Maneno hayo ndiyo muhuri uliyoyameza.

Tuseme mtu ameagiza sare za harusi kwa shilingi 400,000, akatanguliza 150,000, akamwambia fundi waziwazi kuwa harusi ni Jumamosi, na Jumamosi ikafika nguo zikiwa bado vipande juu ya meza. Hapo wakati ulikuwa ndio roho ya mapatano, kifungu cha 55 kinampa mteja hiari ya kuyavunja, na aliyepokea manufaa ya mkataba uliobatilika hana budi kuyarudisha. Fundi akimwonyesha muhuri, na asome muhuri wake peke yake.

Wapo pia wanaojitetea kwa dini, wakinong'ona kuwa arubuni ni ya muuzaji kisharia. Lau wangemwuliza fakihi, wangeambiwa kwamba madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya pwani hii, hayaisihishi kabisa biashara ya namna hiyo. Na Wahanbali walioijuzisha, wakishikilia habari ya nyumba ya Safwan bin Umayya iliyonunuliwa Makka zama za Sayyidna Umar, wanamzungumzia mnunuzi aliyeghairi, wala si muuzaji aliyeshindwa kuleta mali.

Walakini mnunuzi naye asijidanganye. Aliyewekewa fremu ya duka mwezi mzima, wapangaji wengine wakarudishwa, kisha akaona nyingine ya bei nafuu Mtaa wa Aggrey, asije kwangu kulia juu ya arubuni yake, illa ikiwa kiasi chenyewe kimepita kipimo cha dhamana, kwa sababu kifungu cha 74 humpa aliyevunjiwa fidia ya haki tu, isiyozidi kiasi kilichotajwa.

Basi, upesi: kabla ya kutoa, iandikwe fedha ni ya nini, mali itakabidhiwa lini, na ikichelewa itakuwaje. Lipa kwa simu ukiweza, na ujumbe wa muamala usiufute, kwani tangu Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 huo ni ushahidi. Akishindwa, mpe notisi ya maandishi yenye siku maalumu. Akipuuza, nenda Mahakama ya Mwanzo, ambako shauri husikilizwa kwa Kiswahili. Kituo cha Polisi Msimbazi kiache, maadamu hapakuwa na udanganyifu tangu mwanzo, kwa maana deni si jinai. Tena usikawie: madai ya mkataba hufa baada ya miaka 6.