Bei ya Dawa Haiishii Kwenye Ankara

Mgonjwa anapoambiwa dirishani kwamba dawa hakuna, hudhani kuwa haikununuliwa. Huenda ni kweli. Lakini huenda pia ilinunuliwa ikaharibika njiani, ikaisha muda wake ghalani, au kituo kiliagiza pungufu ya mahitaji yake. Katika hali zote hizo fedha imetumika au mgonjwa ameachiwa gharama.

Ankara huonyesha bei ya ununuzi tu. Juu yake kuna nauli ya meli na lori, bima, pango la ghala, umeme wa majokofu na ujira wa watumishi. Gharama nyingine hazina ankara: dawa inayoteketezwa kwa kuisha muda, na ununuzi wa dharura kwa bei ya rejareja.

Nguvu ya kununua kwa pamoja

Tanzania ilianzisha Bohari ya Dawa kwa sheria ya mwaka 1993, ili vituo vya umma vipate dawa kutoka chombo kimoja kinachonunua kwa wingi. Oda kubwa humpa mnunuzi nguvu ya kujadili bei, na hugawa gharama ya usafiri kwa shehena nzima.

Ugumu ulijitokeza pale Bohari ilipokosa dawa iliyoombwa. Kila zahanati ilijitafutia muuzaji wake, ikanunua kidogo kidogo na kulipa nauli ya kwenda mjini. Mwaka 2014 mkoa wa Dodoma ulianza mfumo wa mshitiri, uitwao Jazia. Muuzaji mmoja huteuliwa kwa ushindani kuuhudumia mkoa, na maombi ya vituo hukusanywa kupitia halmashauri. Bohari ya Dawa hubaki chanzo cha kwanza. Mshitiri hujazia pengo. Mfumo ulifika Morogoro na Shinyanga, kisha mwaka 2018 ukaenea nchi nzima.

Hesabu ya ghalani

Hata hivyo, mkataba mzuri hauwezi kusahihisha takwimu mbovu zinazotoka kituoni. Tuchukue mfano wa zahanati inayotumia vidonge 600 vya shinikizo la damu kwa mwezi wa siku 30. Mwezi mmoja dawa ilikosekana siku 10, hivyo vikatolewa vidonge 400. Mhudumu akiagiza 400 kwa kuwa ndivyo vilivyotumika, shehena mpya itakwisha siku ya 20, na upungufu utajirudia. Hesabu sahihi ni kugawa 400 kwa siku 20 ambazo dawa ilikuwapo, kisha kuzidisha kwa 30: jibu ni 600. Ndiyo maana siku ambazo dawa haikuwapo sharti ziandikwe kwenye leja.

Kuagiza kupita kiasi nako ni hasara. Kinachoisha muda mapema kitangulie kutoka, hata kama kiliingia baadaye; na ziada ihamishiwe kituo jirani kwa kibali cha mfamasia wa wilaya kabla haijawa taka.

Oksitosini, inayozuia mama kutokwa damu nyingi baada ya kujifungua, huhitaji nyuzijoto 2 hadi 8. Joto huipunguzia nguvu pasipo kubadili sura yake. Jokofu likizimika bila mtu kusoma kipimajoto, kituo kitaendelea kumchoma mama sindano iliyolipiwa lakini isiyomkinga. Kwa sababu hiyo joto husomwa na kuandikwa asubuhi na jioni, siku za mapumziko zikiwemo.

Nafasi ya mgonjwa

Mwenye maradhi ya kudumu akifika kliniki tarehe aliyopangiwa, matumizi ya kituo hutabirika. Anayehama aage, ili dawa zake ziagizwe kule aendako. Kuchukua dawa ile ile katika vituo viwili huvuruga hesabu za vyote viwili. Na anayeambiwa dawa hakuna ana haki ya kuuliza kwa heshima itapatikana lini, na kulifikisha swali hilo kwa kamati ya usimamizi wa kituo, ambayo ndani yake wamo wawakilishi wa jamii.

Kwa mgonjwa wa shinikizo la damu, siku 10 bila vidonge huweza kupita pasipo maumivu yoyote, huku hatari ya kiharusi ikiongezeka. Gharama ya kitanda cha hospitali itakayofuata haitaandikwa katika leja ya zahanati, ijapokuwa huenda chanzo chake kilikuwa humo.