Je, Wajua? Divai ya Pipa Yakutana na Chinsaga

Je, wajua kwamba harufu ya ndizi mbivu unayokutana nayo sokoni Suneka imo pia kwenye divai nyeupe changa? Chachu ikifanya kazi penye baridi hutoa isoamili asetati, kemikali ileile iliyomo kwenye ndizi. Pua ya Kisii haihitaji darasa hapo.

Je, wajua kwamba Chardonnay, zabibu inayozoeana na pipa kuliko nyeupe zote, ni mtoto wa Pinot na Gouais Blanc, zabibu iliyodharauliwa Ufaransa kwa karne nyingi? Vipimo vya DNA vilitoboa siri hiyo mwaka 1999.

Pipa lenyewe ni la mwaloni, na kule Burgundy hubeba lita 228. Kabla halijatiwa divai, huchomwa moto kwa ndani. Mbao hizo hutoa vanila, moshi kidogo na eujenoli, kemikali inayoipa karafuu ya Pemba harufu yake. Kwa hiyo ukionja ukasema "karafuu", usiogope kuchekwa, umepatia. Pipa likishatumika mara tatu au nne, ladha ya mbao huisha, na pipa jipya ni ghali. Ndiyo sababu divai nyingi za bei ya chini hulazwa kwenye tangi la chuma na kutupiwa vipande vya mwaloni. Si kosa, ila lebo ikisifu mwaloni bila kutaja pipa, mimi hushuku.

Na harufu ya siagi je? Zabibu za nchi ya baridi huiva polepole na kubaki na asidi ya maliki, ile ya tofaa bichi. Bakteria huigeuza kuwa asidi ya laktiki, ile ya maziwa lala, na divai ikalainika, ikanukia siagi. Katika Mwanzo 18, Ibrahimu aliwaandalia wageni wake siagi, maziwa na ndama kwenye mialoni ya Mamre. Sahani hiyo ingefaa kabisa.

Je, wajua kwa nini Kisii hatuna mashamba ya zabibu ilhali baridi tunayo? Mvua. Hupita milimita 1,500 kwa mwaka, na kuvu hupenda zabibu zilizolowa. Naivasha, kulikokauka zaidi, ndiko inakotoka divai ya Leleshwa, iliyopewa jina la kichaka cha huko. Dodoma huvuna mara mbili kwa mwaka, kwa kuwa mzabibu haupati majira ya baridi ya kuulaza. Chardonnay ya baridi yenye pipa utaipata Afrika Kusini, mathalani Elgin na bonde la Hemel-en-Aarde, ambako upepo wa bahari hupooza mashamba.

Sasa mezani. Chinsaga, yaani mboga ya mgagani, ikiwa chungu haipatani na mwaloni. Uchungu huongeza uchungu. Lakini chinsaga iliyolazwa kwenye maziwa usiku kucha, pamoja na kuku wa kienyeji, huipokea divai hii vizuri sana. Parachichi nalo lafaa, na sangara wa kukaanga, na matoke yaliyorostiwa bila nyanya nyingi. Pilipili iache: kileo huuzidisha moto wake.

Je, wajua kwamba baridi kali huiua harufu? Nyuzi 10 hadi 13 zatosha. Itoe chupa kwenye friji dakika 20 kabla ya kumimina, na barafu usitie.

Wasabato wetu, ambao kileo hawagusi, wataishia kwenye kuku na chinsaga, wala hawatakuwa wamepungukiwa.

Sheria ya vileo ya Kenya ya mwaka 2010, inayokataza kumuuzia aliye chini ya miaka 18, huitwa Sheria ya Mututho. John Mututho alikuwa mbunge wa Naivasha, hukohuko kwenye zabibu.

Chupa iliyobaki ifunge, irudishe kwenye friji, uimalize ndani ya siku tatu. Ikipita hapo, ipikie kuku.