Sabuni Iliyotoka Kwenye Kikaango

Muuza chipsi wa mtaani kwetu alikuwa akimwaga mtaroni mafuta yaliyokwisha kugeuka rangi ya chai ya rangi. Siku nilipomwomba anipe, alinikagua kutoka juu hadi chini. "Dada, haya hayapikii tena." Nikamwambia sipikii, nafulia.

Waliokuwa watu wazima mwanzoni mwa miaka ya 1980, sabuni ilipoadimika madukani Tanzania, watanicheka: wao walifua hata kwa majani ya mpapai. Mimi nilisukumwa na hesabu tu. Watoto watatu wa shule, mashati meupe, soksi zilizoshiba vumbi. Mche wa sabuni haumalizi wiki.

Jaribio la kwanza lilikuwa aibu. Nilinunua magadi, nikakoroga mpaka mkono ukafa ganzi, nikabaki na mafuta juu na maji chini. Magadi peke yake hayana ubavu wa kugeuza mafuta kuwa sabuni. Kinachotakiwa ni kostiki soda, nayo haikadiriwi kwa kikombe. Kilo moja ya mafuta ya mawese, ambayo ndiyo yamejaa vikaangoni, hutaka gramu 140 hivi. Ukizidisha, sabuni itakula ngozi. Mimi naweka 135, ili mafuta kidogo yasalie yailinde mikono. Kwa hiyo cha kwanza kununua ni mizani ya jikoni. Tena kipimo hiki ni cha mawese tu: mafuta ya mise yanataka kostiki zaidi, na ya alizeti hutoa sabuni teketeke.

Nafanyia uani, watoto wakiwa kwa jirani, glovu mkononi na miwani usoni. Kostiki ndiyo inayomiminwa kwenye maji, mililita 300. Ukifanya kinyume yatakurukia. Ndoo ya plastiki nene hupata moto yenyewe bila jiko, na mvuke wake unakaba koo. Sufuria ya alumini isisogee hapo, kostiki huila. Maji yakipoa kidogo nayamimina taratibu kwenye mafuta vuguvugu niliyoyachuja kwa kitambaa, nakoroga hadi uji uwe mzito, mwiko uache alama. Kisha ni kwenye boksi lililotandikwa nailoni, kesho yake nakata, halafu wiki nne kivulini. Harufu ya chipsi inabaki kidogo. Mwenye nyumba ameshalalamika kuwa shati lake linamtia njaa ofisini.

Akiba ipo, lakini iko kwenye mafuta. Ukinunua mapya dukani ili upike sabuni, mche wako unaweza kukugharimu kuliko wa kiwandani; jambo hili sijalisikia likisemwa kwenye semina za ujasiriamali. Kigoma kwenye michikichi, hesabu ni nyingine.

Kilichonisumbua zaidi ni maji. Kisima chetu ni cha maji magumu, na sabuni halisi humo haitoi povu, inaacha utando wa kijivu kwenye beseni. Ikabidi niyarudie magadi yale yale yaliyoniaibisha: kijiko kimoja kwenye ndoo kabla ya sabuni kuingia, na povu linakuja. Mvua ikinyesha sihitaji hata hayo, natega ndoo chini ya bati.

Muuza chipsi naye amefumbuka macho. Mafuta hayamwagi tena mtaroni, wala hanipi bure: kila kidumu anataka miche miwili.