Tela Lililokataa Kutulia

Hadithi, hadithi!

Hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea.

Haya, sogeeni. Muyama mnaifahamu? Iko juu kwenye milima ya Buha, mkoani Kigoma. Zamani ilihesabiwa Kasulu. Tangu 2012 iko Wilaya ya Buhigwe. Migomba kila upande, maharage chini yake, na udongo mwekundu unaoganda kwenye viatu mvua ikinyesha. Huko mtu akikuambia "hapa ni tambarare", weka chungwa chini. Utalifuata bondeni.

Basi siku moja likaja pikapu likivuta tela. Halikuwa tela la kubebea mahindi wala matofali. Lilikuwa nyumba: mlango, dirisha, vitanda viwili na jiko la gesi. Wapima njia wawili walilala humo, dereva wao akalala garini. Mwenyekiti wa kitongoji akawapa nafasi pembeni mwa uwanja, karibu na nyumba ya bibi mmoja aliyeishi na mjukuu wake wa darasa la sita. Wakafika jioni, wakaliachanisha tela na gari, wakala, wakalala.

Kulala gani huko! Mmoja akijigeuza kitandani, mwenzake anaamka. Huyu akinyanyuka kwenda kunywa maji, vikombe vinagongana kabatini. Upepo ukipanda kutoka bondeni, nyumba nzima inanesanesa. Asubuhi wakatoka macho mekundu, kila mmoja akimlaumu mwenzake kwa kulala vibaya.

"Mwakeye," bibi akawaamkia kwa Kiha. Mjukuu alikuwa nyuma yake na ndoo kichwani.

"Shikamooni."

"Marahaba, binti," dereva akaitikia. "Usituone hivi. Nyumba yetu imecheza ngoma usiku kucha."

Binti akatua ndoo, akainama, akachungulia chini ya tela. Akatulia kidogo, kisha akauliza swali ambalo wale wakubwa hawakuwa wamelifikiria.

"Mjomba, bibi huinjika chungu kwenye mafiga matatu. Hata ardhi iwe na mashimo, chungu hakiyumbi, kwa sababu mafiga yote matatu hukigusa. Na hili tela naona limesimama pahali patatu: magurudumu mawili katikati na kile kidogo cha mbele. Mbona linayumba?"

Dereva akamtazama. "Bonyeza hilo tairi kwa kidole gumba, kwa nguvu zako zote. Linabonyea?"

"Kidogo sana."

"Wewe una kidole tu. Tela lina uzito wa nyumba. Ndani ya tairi mna hewa, na juu ya tairi kuna springi. Vyote viwili vimetengenezwa vibonyee na kurudi, ili barabarani tela lisivunjike kwenye mashimo. Figa la bibi ni jiwe, halibonyei. Haya mafiga yetu mawili ni hewa na springi. Mtu akitembea kwenda nyuma, nyuma kunashuka; akirudi, kunapanda. Kinachotusaidia safarini ndicho kinachotunyima usingizi tukisimama."

Sasa nyinyi wasikilizaji wangu, dawa yake ni nini? Wengine watasema: kaza, funga kamba, ongeza mawe. Hapana. Dawa ni kuiondoa sehemu ya uzito kwenye vitu laini na kuipeleka kwenye vitu vigumu, na kazi hiyo ina utaratibu wake.

Kwanza wakaunganisha tela na gari tena, wakahama. Pale walipokuwa palipita mkondo wa maji ya mvua, na udongo ulikuwa umelegea. Wakachagua sehemu iliyokanyagwa na watu miaka mingi, mbali na shamba lililolimwa karibuni na mbali na mti wenye matawi makavu.

Pili, wakasawazisha kushoto na kulia. Hawakuwa na pima maji ya fundi. Binti akaleta chupa ya maji isiyojaa, akailaza sakafuni mwa tela, na ule upovu wa hewa ukakimbilia upande wa kulia, maana hewa hupanda kwenye upande ulioinuka. Kwa hiyo kushoto kulikuwa chini. Wakatandika ubao mbele ya gurudumu la kushoto, gari likavuta taratibu mpaka gurudumu likapanda juu yake. Upovu ukarudi katikati.

Tatu, mawe. Wakavuta breki ya mkono ya tela, kisha wakasukumia mawe chini ya kila gurudumu, mbele na nyuma. Breki peke yake haitoshi mlimani, na jiwe la upande mmoja linazuia safari ya upande mmoja tu. Hapo ndipo walipoliachanisha tela na gari, si kabla. Kisha wakazungusha mkono wa kile kigurudumu cha mbele, pua ya tela ikashuka mpaka upovu ukatulia tena, safari hii mbele na nyuma.

Nne, miguu. Kila pembe ya tela ilikuwa na mguu wa chuma unaoshushwa kwa skrubu. Dereva akashusha wa kwanza moja kwa moja kwenye udongo, nao ukaanza kuzama. Binti akaguna.

"Ongezea ubao, mjomba."

Hapa tupige hesabu pamoja. Tuseme kikanyagio cha mguu ni sentimita 10 kwa 10. Eneo lake ni sentimita za mraba 100. Mguu ukibeba kilo 180, kila sentimita ya mraba ya udongo inabeba kilo 1.8. Weka chini yake ubao mnene wa sentimita 30 kwa 30: eneo ni 900, na kila sentimita inabeba kilo 0.2. Uzito ni uleule, lakini udongo umepunguziwa mzigo mara tisa. Ndiyo maana hata madereva wa malori makubwa, wakiacha tela likisimama kwa miguu yake miwili ya mbele, hutandika mbao chini yake.

Mbao nne zikatandikwa. Dereva akazungusha skrubu mpaka kila mguu ukagusa ubao wake, kisha akaongeza kidogo kidogo kwa zamu, pembe hii na ile inayokabiliana nayo. Mpima mmoja, mwenye hamu ya usingizi, akakamata spana akaukaza mguu wa nyuma kwa nguvu. Akaenda kufungua mlango. Mlango ukagoma.

"Umepinda fremu," dereva akamwambia. "Miguu hii ni ya kutuliza, si ya kuinua. Ukitaka kuinua, tumia jeki." Wakaulegeza mguu, mlango ukafunguka.

Na mafiga matatu, je? Binti alikuwa bado analiwaza jambo lake. Sasa tela liligusa ardhi pahali saba, na bibi alikuwa amemwambia figa la nne hubaki bila kugusa chungu. Lakini jiwe lina kimo kimoja. Mguu wa skrubu unarefushwa mpaka ufike, ndiyo maana hakuna uliobaki hewani.

Usiku ule mvua ilinyesha. Asubuhi binti akapita, akapitisha kidole kati ya mguu mmoja na ubao wake: kulikuwa na nafasi. Udongo ulikuwa umelainika na ubao umedidimia. Dereva akazungusha skrubu kidogo, kazi ikaisha. Wapima walikuwa wamelala mpaka jua likatoka.

Siku ya kuondoka, mpima yule mwenye haraka akatangulia kutoa mawe. "Acha!" binti akapiga kelele kutoka uani. Tela lilikuwa bado halijaungwa na gari, na chini yake kulikuwa na mteremko mpaka kwenye shamba la bibi. Mpima akayarudisha mawe. Wakapandisha miguu yote minne, wakaliunganisha tela na gari, wakahakikisha pini imeingia na mnyororo umefungwa. Mwisho kabisa ndipo mawe yakatoka.

Dereva akampa binti ile spana aitazame vizuri. "Umesoma wapi haya?"

"Kwa bibi. Yeye hawezi kutua chungu kabla hajalitikisa kila figa."

Basi nanyi kesho shuleni mkikuta dawati linayumba, msiligombeze wala msilifunge kamba. Tafuteni mguu usiogusa sakafu. Hadithi yangu imeishia hapo.