Fahamu: Namna ubongo unavyosikia usingizini

Usingizi hauzibi masikio. Sauti huendelea kufika kwenye ubongo. Kinachobadilika ni namna inavyopokelewa.

Lango la ubongo

Thalamasi, iliyo katikati ya ubongo, hupitisha taarifa za masikio, macho na ngozi. Usingizi ukikolea, hupunguza kinachopita. Hata hivyo uchujaji unaendelea: mwaka 1960 watafiti wa Uingereza walionyesha kuwa jina la aliyelala huamsha mawimbi makubwa ya umeme kichwani mwake mara nyingi zaidi kuliko majina mengine, bila yeye kuzinduka.

Lodwar na Kakuma

Uchujaji huo una kazi kubwa huko Turkana, kaskazini mwa Kenya. Joto la mji wa Lodwar huwatoa wengi kulala uani, karibu na pikipiki na kengele za mbuzi. Kakuma, kambi ya wakimbizi iliyoanzishwa 1992, ina mapaa mengi ya mabati, nalo bati hulia likipoa usiku. Kwa aliyekimbia vita, mlio huo mdogo unaweza kumkurupusha, kwa kuwa ubongo uliozoea hatari hubaki macho.

Athari za mchana

Usingizi uliokatizwa hupunguza wepesi wa kuitikia. Honi ya bodaboda husikika, lakini mguu huchelewa kusogea.